Saa, Msimu na Kipande: Dhana ya Kuchelewa katika Historia ya Waswahili

Imezoeleka kudaiwa kwamba Mwafrika hana desturi ya kutunza wakati, na msemo wa "saa za Kiafrika" umegeuzwa kuwa ushahidi wa dai hilo. Historia ya pwani ya Afrika Mashariki hailiungi mkono.

Saa ya Kiswahili huhesabiwa kuanzia macheo na machweo: saa moja asubuhi ni saa moja baada ya jua kuchomoza. Hesabu hiyo huwezekana kwa sababu pwani hii i karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Aidha, katika miji ya Waislamu adhana iligawa siku mara tano, na aliyeacha wakati wa sala upite ilimbidi aiswali kadha.

Biashara nayo ilikuwa na mipaka yake. Majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yalikuja kwa kaskazi, takriban kati ya Desemba na Machi, na kurejea kwa kusi. Nahodha aliyekosa msimu alingoja miezi kadhaa, mtaji wake ukiwa umelala. Si ajabu, basi, kwamba wahenga walionya: chelewa chelewa utampata mwana si wako.

Mgogoro ulizuka pale wakati wa mtu ulipoanza kununuliwa. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, enzi ya Waingereza, kibarua alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na kulipwa alipozikamilisha. Kwa kuwa siku hizo hazikulazimika kufuatana, aliweza kukatiza akalime shamba lake. Kwa kipimo cha mwajiri alikuwa mtoro. Kwa kipimo cha mvua alikuwa amewahi.

Hali kadhalika bandarini Mombasa, ambako wachukuzi wengi waliajiriwa kwa siku na kujichagulia siku ya kwenda kazini. Baada ya migomo ya mwaka 1939 na 1947, serikali ya kikoloni ilizidisha juhudi za kuwageuza kuwa wafanyakazi wa kudumu, wenye zamu na saa maalumu.

Ni dhahiri kwamba kilichoitwa uvivu kilikuwa, aghalabu, mvutano baina ya ratiba mbili, kila moja ikiwa na adhabu yake kwa mchelewaji. Mwanahistoria anayemhukumu mtu kwa kuchelewa hana budi kueleza kwanza ni kwa saa ya nani.