Rwanda katika Michezo ya Paralimpiki

Rwanda ilianza kushiriki Michezo ya Paralimpiki mwaka 2000 mjini Sydney, Australia. Hadi kumalizika kwa michezo ya Paris mwaka 2024, nchi hiyo ilikuwa imepata medali moja tu, ya shaba, ambayo mkimbiaji Jean de Dieu Nkundabera aliipata Athens, Ugiriki, mwaka 2004. Uzito wa medali hiyo huonekana vizuri zaidi ikiwekwa kando ya rekodi ya Olimpiki. Rwanda imekuwa ikipeleka wanamichezo Olimpiki tangu Los Angeles 1984, na hadi Paris 2024 hakuna aliyepanda jukwaa la washindi. Aliyewahi kulikaribia ni Mathias Ntawulikura, aliyemaliza wa 8 katika mbio za mita 10,000 huko Atlanta mwaka 1996. Kwa hiyo medali pekee ambayo Rwanda imepata katika ngazi hiyo ya juu kabisa ya michezo duniani ililetwa na mtu mwenye ulemavu.

Miongoni mwa majirani, Rwanda ilichelewa. Kenya na Uganda zilishiriki kwa mara ya kwanza Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1972. Burundi ilifuata baada ya Rwanda, mwaka 2008, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2012.

Usuli

Rwanda ni nchi ya milima yenye eneo la kilomita za mraba 26,338. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13. Sababu za ulemavu ni zile zinazojulikana kwingine Afrika ya Mashariki: polio ya zamani kabla chanjo haijaenea, ajali za barabarani, maradhi, na hitilafu za kuzaliwa. Juu ya hizo kuna vita vilivyoanza Oktoba 1990 na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya Aprili hadi Julai 1994. Walionusurika wengi walibaki na majeraha ya mapanga, marungu na risasi. Mabomu ya ardhini yaliendelea kukata miguu ya wakulima, watoto na askari miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza. Rwanda ilitangaza kumaliza kazi ya kutegua mabomu hayo mwaka 2009.

Kizazi cha kwanza cha wanamichezo wa Paralimpiki wa Rwanda kilitoka katika historia hiyo. Baadhi yao walikuwa watoto mwaka 1994, wengine walikuwa askari. Kwa upande wa sheria, nchi ilipitisha Januari 2007 sheria ya kuwalinda watu wenye ulemavu, na Desemba 2008 ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu.

Mwanzo: Sydney 2000

Mwakilishi wa kwanza alikuwa Cesar Rwagasana, muogeleaji. Alikwenda peke yake.

Riadha

Nkundabera alikimbia Athens katika daraja la T46, la wakimbiaji wenye upungufu wa mkono mmoja. Kwa mtazamaji wa kawaida mkono unaweza kuonekana hauhusiki na mbio, lakini mkimbiaji wa mita 800 anajua sivyo. Mkono ndio unaosawazisha kiwiliwili pindi mguu wa upande wa pili unapotupwa mbele, nao ndio unaosaidia kujilinda katika msongamano wa kona ya kwanza na kuongeza kasi katika mita 100 za mwisho. Anayekimbia na mkono mmoja hulazimika kujenga upya mizani yote ya mwili. Katika fainali ya mita 800 medali ya dhahabu ilikwenda kwa Muingereza Danny Crates, na Nkundabera akashika nafasi ya 3. Ilikuwa mara ya pili tu kwa Rwanda kushiriki.

Ushindi huo haujapewa nafasi unayostahili katika kumbukumbu za michezo ya Afrika. Vitabu na majarida yanayoorodhesha mataifa yasiyo na medali ya Olimpiki huitaja Rwanda pasipo neno lolote juu ya Athens. Nkundabera ndiye aliyefungua njia ya mbio za kati kwa Wanyarwanda wa daraja la T46, na njia hiyo haijafungwa tangu wakati huo.

Aliyeirithi ni Hermas Muvunyi, mkimbiaji wa mita 400, 800 na 1,500. Alikimbia London mwaka 2012 bila kupata medali. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya dunia ya riadha ya watu wenye ulemavu yaliyofanyika Lyon, Ufaransa, alishinda mita 800 za T46 na kuwa bingwa wa dunia. Huo ndio ubingwa mkubwa zaidi ambao mwanariadha wa Rwanda mwenye ulemavu amewahi kuupata. Muvunyi aliendelea hadi michezo ya Tokyo, na kwa karibu muongo mmoja jina lake ndilo lililokuwa likitajwa kwanza kila Rwanda ilipopanga kikosi.

Paris 2024, mbio za mita 1,500 za daraja hilo hilo zilikimbiwa na Emmanuel Niyibizi.

Voliboli ya kukaa

Mchezo uliolitambulisha jina la Rwanda katika Paralimpiki ni voliboli ya kukaa, au mpira wa wavu wa kukaa. Ulianzishwa Uholanzi mwaka 1956. Wanaume waliucheza kama mchezo rasmi wa Paralimpiki tangu Arnhem 1980, wanawake tangu Athens 2004. Kila upande una wachezaji 6 wanaokaa sakafuni. Uwanja una urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Wavu una kimo cha mita 1.15 kwa wanaume na mita 1.05 kwa wanawake. Seti huenda hadi pointi 25, na ya tano hadi 15. Tofauti na voliboli ya kusimama, mpira wa kuanzishia unaruhusiwa kuzuiwa wavuni. Sharti kuu ni kwamba mchezaji anapoupiga mpira, makalio au kiwiliwili kisiachane na sakafu. Mikono inafanya kazi mbili: kucheza mpira, na kuusogeza mwili. Mchezaji mzuri hutambulika kwa jinsi anavyoteleza sakafuni kabla mpira haujafika.

Sababu za mchezo huu kushika mizizi Rwanda si ngumu kuzielewa. Mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu unahitaji viti maalumu, na kila kiti kina gharama ambayo klabu ya wilayani haiwezi kuibeba kwa wachezaji wote. Voliboli ya kukaa inahitaji mpira, wavu na sakafu laini. Mguu bandia huvuliwa na kuwekwa pembeni. Aliyekatwa mguu mmoja, aliyekatwa yote miwili na aliyedhoofishwa na polio wanacheza pamoja kwa usawa kuliko katika michezo mingi mingine. Tena ulikuwa mchezo ambao Wanyarwanda walikwishaujua, kwa kuwa voliboli ya kusimama imekuwa maarufu mashuleni nchini humo kwa miaka mingi.

Kuna jambo jingine ambalo hutajwa kwa nadra. Mataifa makuu ya voliboli ya kukaa kwa wanaume ni mataifa yaliyopita vitani. Iran, iliyopigana na Iraki kuanzia 1980 hadi 1988, na Bosnia na Herzegovina, iliyopita vita vya 1992 hadi 1995, zilikutana katika kila fainali ya Paralimpiki kuanzia 2000 hadi 2016. Rwanda iliingia katika jamii hiyo kwa mlango huo huo.

Timu ya wanaume, London 2012

Mwaka 2012 timu ya wanaume ya Rwanda ilifuzu kwenda London, ikawa timu ya kwanza ya voliboli ya kukaa kutoka nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kufika Paralimpiki. Kabla ya hapo bara liliwakilishwa na nchi za kaskazini, hasa Misri. Kikosi kilifundishwa na Mholanzi Peter Karreman.

Vyombo vya habari vya dunia vilivutiwa zaidi na wachezaji wawili. Dominique Bizimana alikuwa mpiganaji wa RPF, jeshi la waasi lililopigana na serikali ya wakati huo, na alipoteza mguu vitani. Jean Rukondo alitoka jeshi la serikali ya zamani, upande uliopigana na RPF, naye alipoteza mguu kwa bomu la ardhini. London walivaa jezi moja na kukaa kwenye sakafu moja. Bizimana alikuwa pia rais wa Kamati ya Taifa ya Paralimpiki ya Rwanda, hivyo akawa kiongozi na mchezaji kwa wakati mmoja, jambo lisilo la kawaida katika nchi yoyote.

Habari hiyo ya maadui wa zamani iliandikwa mara nyingi, na ni ya kweli na ya kugusa moyo. Lakini ilifunika kazi ya uwanjani. Wanaume wa Rwanda walipangwa kundi moja na Bosnia na Iran, timu mbili zilizomaliza za 1 na 2, pamoja na Brazili na China. Walishindwa mechi za kundi kama ilivyotarajiwa, kisha wakaifunga Moroko na kumaliza wa 9 kati ya timu 10. Ushindi huo ulitosha kuonyesha kwamba hawakwenda London kwa huruma ya mtu. Tangu hapo timu ya wanaume haijarudi Paralimpiki, kikwazo chake kikubwa barani kikiwa Misri.

Timu ya wanawake, 2016 hadi 2024

Nafasi iliyoachwa na wanaume ilijazwa na wanawake, na kwa kiwango cha juu zaidi. Timu ya wanawake ilifuzu kwenda Rio de Janeiro mwaka 2016, nayo ikawa ya kwanza ya wanawake kutoka kusini mwa Sahara katika mchezo huo. Ilimaliza ya 8 kati ya timu 8 bila kushinda mechi.

Tiketi ya Tokyo ilipatikana nyumbani, katika mashindano ya Afrika yaliyochezwa Kigali mwaka 2019. Michezo yenyewe iliahirishwa kwa sababu ya korona na kufanyika Agosti na Septemba 2021, bila watazamaji. Rwanda, chini ya nahodha Liliane Mukobwankawe, ilipangwa kundi moja na Marekani, China na timu ya Warusi. Ni vigumu kufikiria kundi gumu kuliko hilo: Marekani na China ndizo zilizocheza fainali zote za wanawake tangu 2008. Rwanda ilipoteza mechi zote tatu. Katika mechi ya kugombea nafasi ya 7 ilikutana na wenyeji, Japani, ikawashinda. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa wanawake wa Rwanda katika Paralimpiki, na ulipatikana dhidi ya nchi ambayo Rwanda haiwezi kujilinganisha nayo kwa utajiri, vifaa na makocha.

Timu hiyo ilifuzu tena kwenda Paris 2024, mara ya tatu mfululizo. Kwa wanawake wenye ulemavu, hasa wa vijijini, ambao familia nyingi zamani ziliwaficha ndani na kuwanyima shule na ndoa, kuonekana kwa dada zao kwenye televisheni wakiwa na bendera kifuani ni jambo lenye uzito usiopimwa kwa nafasi kwenye msimamo.

Michezo mingine

Theogene Hakizimana alishindana London 2012 katika kunyanyua vitu vizito. Nchini kwenyewe huchezwa pia mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu, goliboli ya wasioona, na mpira wa miguu wa waliokatwa viungo. Rwanda haijawahi kushiriki Paralimpiki ya majira ya baridi.

Uendeshaji

Shughuli zote husimamiwa na Kamati ya Taifa ya Paralimpiki yenye makao yake Kigali, inayopata sehemu ya fedha kutoka serikalini na sehemu kwa wafadhili. Ligi za voliboli ya kukaa huchezwa na timu zinazowakilisha wilaya, wanaume na wanawake, na humo ndimo wachezaji wa timu ya taifa wanamotoka. Utaratibu huu wa wilaya ndio siri ya mafanikio ya Rwanda: mchezaji hahitaji kuhamia mji mkuu ili aonekane. Riadha haina mtandao wa namna hiyo, na upungufu huo unaonekana. Wakimbiaji wake wamekuja mmoja mmoja, kila mmoja akitegemea juhudi zake na kocha aliyemwamini.

Hali ya sasa

Paris 2024 Rwanda ilishiriki katika michezo miwili, voliboli ya kukaa kwa wanawake na riadha. Kizazi kilichojeruhiwa katika vita kimestaafu au kinakaribia kustaafu, na wachezaji wapya ni vijana waliozaliwa baada ya 1994, ambao ulemavu wao umetokana na ajali, maradhi au kuzaliwa. Rwanda haikupata medali Paris, na shaba ya Nkundabera ya mwaka 2004 imebaki ndiyo medali pekee ya nchi.