Chupa ya Chanjo Nayo Ichunguzwe

Kuku waliochanjwa wakianza kufa, lawama humwangukia mfugaji kwanza. Huambiwa alichelewa kuchanja, au alitumia maji yenye klorini, au barafu iliyeyuka njiani. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini uchunguzi unaoishia bandani humwacha mshukiwa mmoja bila kuhojiwa: chupa yenyewe. Historia ya kirusi cha retikuloendotheliosi, kwa kifupi REV, inatosha kumfikisha kizimbani.

Mwaka 1974 nchini Japani, vifaranga waliochanjwa dhidi ya ugonjwa wa Mareki walidumaa, wakakosa damu, na wengine wakapooza miguu. Manyoya yao ya mabawa yalikuwa na dosari ya ajabu: katikati ya unyoya, nyuzi zililala zikishikamana na mhimili, kana kwamba sehemu hiyo imenyonyolewa. Chanjo ilikutwa na REV. Australia nayo ilipatwa na mkasa wa namna hiyo miaka hiyohiyo.

Madhara kwa kinga ya mwili ndiyo mazito zaidi. REV ikimwingia kifaranga wa siku moja, hushambulia bursa na thaimasi, viungo vinavyokuza seli za kinga. Kifaranga huyo aweza kuishi na virusi tele katika damu bila kutengeneza kingamwili, hivyo kipimo cha kingamwili kitamtangaza mzima. Mwaka 1979 Richard Witter na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kwamba maambukizi ya REV hudhoofisha hata kinga iletwayo na chanjo ya Mareki. Basi chupa moja chafu huharibu kazi ya chupa safi zinazoifuata.

Wapo wanaosema kwamba vipimo vya kisasa vya jeni vimemaliza tatizo. Chanjo ya ndui ya kuku inawapinga. Mwaka 1997 watafiti wa Australia waliripoti kwamba ndani ya jenomu ya aina moja ya kirusi cha ndui kilichotumiwa kama chanjo kulikuwa na REV karibu nzima, na kwamba REV yenye uwezo wa kuambukiza ilitokana nayo. Hapo uchafu haukuelea pembeni ukingoja kuchujwa; ulikuwa umeshonwa ndani ya kirusi cha chanjo na ulizaliana pamoja nacho. Mwaka mmoja kabla, Aly Fadly na wenzake walikuwa wameeleza mlipuko wa saratani za limfu katika kuku wazazi wa nyama, Marekani, waliochanjwa kwa chanjo ya ndui yenye REV.

Ugumu hauishii hapo. Chanjo nyingi za ndui hubeba vipande tu vya REV, mabaki yasiyoweza kuambukiza. Kipimo kinachotafuta vipande hivyo kitaikataa chanjo isiyo na hatia. Kinachohitajika ni kipimo kinachotenganisha mabaki na kirusi kamili, kikifuatwa na jaribio katika seli au vifaranga safi. Jibu la "ipo" au "haipo" halitoshi.

Pingamizi linalostahili heshima ni kwamba ugonjwa wa mdondo huweza kufagia karibu banda zima lisilochanjwa, na kuzungumzia uchafu wa chanjo kunaweza kuwatisha wafugaji. Kweli, hakuna sababu ya kuacha kuchanja. Hatari ya mdondo ni kubwa mno kuliko ya chupa chafu. Ila imani ya mfugaji hailindwi kwa kunyamaza. Chanjo hai hukuzwa katika mayai au seli za ndege, na mayai ya kuku waliothibitishwa kuwa hawana vimelea maalumu ni ghali. Shinikizo la bei halina budi kukabiliwa na ukaguzi wa nje ya kiwanda, kazi ambayo Afrika inayo chombo chake: PANVAC ya Umoja wa Afrika, huko Bishoftu, Ethiopia.

Kwa daktari wa mifugo aliye wilayani, hatua ya kwanza haihitaji maabara. Aandike namba ya toleo la kila chanjo, na ahifadhi kwenye baridi chupa moja ambayo haijafunguliwa, hadi kundi la kuku waliochanjwa liishe kuuzwa.