Fulufremu

Ukisema Kariakoo kwamba unatafuta fremu, utaonyeshwa chumba cha duka na kutajiwa kodi. Kwa mpiga picha, fremu ni kipande cha filamu cha milimita 36 kwa 24, kipimo kilichoenezwa na Leica kuanzia 1925. Kamera ya dijitali yenye kihisio cha ukubwa huo ndiyo fulufremu. Hiyo "fulu" isikutie kiwewe: Fujifilm GFX ina kihisio kikubwa zaidi.

Neno hilo linawaponza wengi. Mtu anauza kamera yake ya kihisio kidogo, ananunua bodi mpya ya fulufremu, halafu anafunga lenzi zake zilezile za kihisio kidogo. Picha zinatoka na pembe nyeusi, au kamera inakata kingo yenyewe, na megapikseli 24 zinabaki kama 10. Hapo amelipia nini?

Neno la kuangalia ni jingine: maunti, pale lenzi inaposhikana na bodi. Mwenye lenzi za Canon EF za fulufremu ahamie maunti ya RF kwa adapta, zitafanya kazi bila shida. Nikon Z ni nzuri pia, ila lenzi kuukuu za AF-D zisizo na mota, kwa adapta ya FTZ, utazifokasi kwa mkono. Asiye na lenzi yoyote, mimi ningemwelekeza Sony E, maana Sigma na Tamron wamejaza lenzi za bei ya kati.

Basi ukifika dukani, ulizia kwanza bei ya lenzi ya milimita 24-70, bodi baadaye.