Mroho au Mgonjwa? Mpishi wa London na Historia ya Hamu ya Chakula

Kiswahili kina maneno makali kwa mtu aliyezidisha kupenda chakula: mlafi, mroho. Neno uroho limeibeba hata roho ndani yake, kana kwamba kasoro iko hapo. Katika makala haya tunaonyesha kwamba historia ya tiba ya ubongo, iliyopiga hatua kubwa jijini London, inatutaka tuwe waangalifu kabla ya kuyatumia.

Mwishoni mwa miaka ya 1880, Charles Beevor na John Hughlings Jackson waliandika habari za mpishi mmoja mwanamke katika Brain, jarida lililoanzishwa London mwaka 1878. Mpishi huyo alipatwa na vipindi vifupi vya kifafa. Alisikia harufu mbaya asiyoweza kuieleza, na alimwona mwanamke mdogo mweusi akishughulika kupika. Wengi wangesema amepagawa. Madaktari hao waliandika alichosema, nao uvimbe ukaonekana katika ubongo wake, upande wa kulia, karibu na sikio. Kwa Jackson, aliyekuwa daktari katika hospitali ya Queen Square iliyofunguliwa mwaka 1860, kisa hiki kilisaidia kuonyesha kwamba hisi ya harufu ina mahali pake ubongoni.

Kisa cha mpishi kilihusu harufu, si hamu. Hamu ilifuata zaidi ya miaka 100 baadaye, nchini Uswisi. Mwaka 1997, Marianne Regard na Theodor Landis walieleza habari za wagonjwa 36 waliotawaliwa na mawazo ya vyakula vizuri. Kati yao, 34 walikuwa na jeraha katika sehemu za mbele za upande wa kulia wa ubongo. Mmoja alikuwa mwandishi wa habari za siasa, mtu asiye na makuu katika kula. Baada ya kupata kiharusi, akili yake yote ilikuwa kwenye mlo mzuri wa mkahawani. Aliporudi kazini aliacha siasa, akawa mwandishi wa safu ya vyakula.

Hatusemi kila mlafi ni mgonjwa. Hali hii ni nadra sana. Lakini mzee aliyekula maisha yake yote chochote alichotengewa, akibadilika ghafla na kukosa mazungumzo mengine ila ya chakula, tusikimbilie kumcheka. Tumsikilize kama mpishi yule alivyosikilizwa, kisha tumpeleke hospitali.