Nyumba ya Mbao ya Pasadena

Neno bangalo asili yake ni Bara Hindi, nalo maana yake ni nyumba ya Kibengali, fupi, yenye paa pana na baraza. Neno hilo lilisafiri mbali hata likafika California, magharibi ya Marekani. Huko Pasadena ulikuwa mji mdogo mwaka 1900, wenye watu 9,117. Mwaka 1910 walikuwa 30,291, na wageni hao wote walitaka nyumba.

Miongoni mwa waliowachorea walikuwa ndugu wawili, Charles na Henry Greene. Walimu wetu watapenda kujua kwamba ndugu hao, kabla ya kujifunza kuchora majengo, walifundishwa useremala na uhunzi katika shule ya kazi za mikono mjini St. Louis. Basi waliujua mti kwa kuushika.

Mwaka 1908 waliianza nyumba ya David na Mary Gamble, jamaa ya watengenezaji sabuni. Kusema kweli ni kubwa mno kuitwa bangalo, kwa kuwa ina orofa. Lakini desturi ni ile ile. Paa limetokeza sana kuzuia jua, na juu mna baraza za kulala, zipokeazo upepo wa usiku. Mlango mkuu ni wa msaji, na chumba cha kulia kimepambwa kwa mkangazi. Pembe za mbao zilisuguliwa kwa mkono mpaka zikawa laini, na viungo havikufichwa, bali viliachwa vionekane.

Halafu watu wakauchoka mtindo huo, na kazi ikawapungukia ndugu Greene. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, Cecil Gamble na mkewe Louise, waliorithi nyumba, walifikiri kuiuza. Husimuliwa kwamba walisikia wanunuzi wakisema mbao za ndani zipakwe rangi nyeupe. Wakaghairi mara. Rangi ikiisha kuingia katika nyuzi za mti, ni taabu kubwa kuitoa; na kwa maoni yetu nyumba iliokolewa hapo, wala si siku ilipopewa heshima na serikali mwaka 1977.

Charles na Henry waliishi hata wakaona chama cha wasanifu majengo wa Marekani kikiwatukuza mwaka 1952, nao ni wazee. Henry alifariki mwaka 1954, Charles mwaka 1957. Mwaka 1966 jamaa ya Gamble wakaitoa nyumba kwa mji wa Pasadena pamoja na Chuo Kikuu cha Southern California, na samani zake ndani. Wageni huingia kuitazama, na mbao zake zingali na rangi yake ya asili.