Msamaha Usio na Mali: Hospitali za Wakfu na Mgonjwa Asiye na Uwezo Mkoani Simiyu

Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu uanze nchini mwaka 1993, mjadala kuhusu mgonjwa asiye na uwezo umeelekezwa zaidi kwenye swali la nani asamehewe na nani athibitishe umaskini wake. Makala hii inadai kwamba swali hilo limetanguliza huruma mahali pa mali. Hospitali za hisani zilizodumu zilibebwa na wakfu, yaani mali iliyofungwa kisheria ili mapato yake yatumike kwa kusudi moja tu; msamaha unaotolewa Bariadi, Meatu au Itilima bila mali ya namna hiyo hugeuka kuwa deni la kituo cha afya.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Cairo, ambako Sultani Qalawun alijenga hospitali ya al-Mansuri mwaka 1284 na kuiwekea hati ya wakfu. Hati hiyo iliwafungulia mlango wanaume na wanawake, matajiri na maskini, bila kuweka ukomo wa siku za kulazwa, na iliingia hadi kwenye mambo madogo ya wodini: chakula cha mgonjwa kifunikwe, kila mmoja awe na chombo chake, na wakati wa joto wapewe vipepeo vya makuti. Gharama zote hizo zilitegemea mapato ya majengo na maduka ya mjini, chini ya msimamizi aliyetajwa katika hati. Wapo wanaosisitiza kwamba sultani alitafuta sifa, na hilo halina haja ya kukanushwa. Lakini sifa ya marehemu hailishi wodi, ilhali wataalamu wa Napoleon walipofika mwaka 1798 walikuta hospitali hiyo, ingawa imechakaa, bado ina wagonjwa.

Mfano wa nyumbani unatia uchungu zaidi. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, aligharimia hospitali ya Waafrika na Wahindi jijini Dar es Salaam, na akaiachia serikali ya Wajerumani mali ili mapato yake yawafae wenye shida, wakiwamo wagonjwa wa ukoma. Hata hivyo, mtoaji na msimamizi walikuwa pande mbili zisizolingana nguvu, na leo kinachoonekana zaidi ni jina lake kwenye jengo la wodi Muhimbili.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imepiga hatua kwa kutaja vyanzo vya fedha za kuwahudumia wasio na uwezo, ila kodi inaweza kuelekezwa kwingine bajeti inapobadilika. Simiyu, ambako pamba huziingizia halmashauri ushuru kila msimu, ina uwezo wa kwenda mbali zaidi: sehemu ya ushuru huo ifungwe kwa sheria ndogo, inunue majengo ya kupangisha mjini Bariadi, na kodi ya pango ilipe dawa za waliosamehewa, chini ya wadhamini wasioteuliwa na halmashauri pekee.