Wimbo wa Kaka kwa Mdogo Wake: Historia Fupi ya "Famous Last Words"

Waingereza na Wamarekani wana kejeli moja. Mtu akijitapa kwamba hapa hakiharibiki kitu, na kila anayemsikia anajua kitaharibika tu, huambiwa: haya, hayo ndiyo maneno yako maarufu ya mwisho. Sasa jiulize, ndugu msomaji: kwa nini bendi ya rock iichukue dhihaka hiyo na kuifanya jina la wimbo unaoapa kuendelea kuishi?

Bendi yenyewe ni My Chemical Romance, ya New Jersey, Marekani. Gerard Way aliianzisha mwaka 2001, baada ya kuyashuhudia kwa macho yake mashambulizi ya Septemba 11. Mdogo wake, Mikey, akawa mpiga gitaa la besi. Watu waliwaita emo, na Gerard hakulipenda jina hilo hata kidogo. Lakini jina lilikuwa na historia yake. Katikati ya miaka ya 1980, kule Washington, D.C., vijana wa punk walichoka na muziki wa kupiga kelele dhidi ya serikali na polisi peke yake. Bendi kama Rites of Spring, iliyotoa albamu yake mwaka 1985, ikaanza kupiga kelele zilezile kuhusu majuto, upweke na mapenzi. Hiyo ndiyo mbegu. Miaka 20 baadaye mbegu ilikuwa mti mkubwa, na watoto wa shule waliovaa nyeusi walikuwa wamejaa chini ya kivuli chake.

Tatizo ni kwamba waliokuwa wakiwaimbia watoto hao nao walikuwa wagonjwa. Albamu ya pili ya My Chemical Romance ilitoka mwaka 2004 na kuwapa umaarufu ghafla, na Gerard akauvuka umaarufu huo kwa pombe na vidonge. Mwaka huohuo, baada ya safari ya maonyesho Japani, aliacha. Hakuwa amepona tu kama mtu anavyopona mafua, alikuwa ameanza kazi ya kila siku ya kutorudi nyuma.

Mwaka 2006 bendi ikahamia kwenye jumba la kifahari la zamani liitwalo Paramour, Los Angeles, ili kutengeneza albamu ya tatu, The Black Parade. Hadithi ya albamu ni ya mgonjwa anayekufa kwa saratani, ambaye kifo kinamjia kwa sura ya gwaride. Fikiria kukaa na mada hiyo asubuhi mpaka usiku, ndani ya jumba linalosifika kwa mizimu. Mikey hakuweza. Sonona na ulevi vilimzidi, akaondoka nyumbani humo kwenda kutafuta matibabu, na wenzake hawakujua kama atarudi kwenye bendi au la.

"Famous Last Words" ulizaliwa katika pengo hilo. Ukijua hivyo, wimbo unabadilika masikioni. Wengi huusikia kama mgonjwa wa kwenye hadithi anakigomea kifo, na kweli unafanya kazi hiyo, kwani ndio unaofunga kisa cha albamu. Lakini chini yake kuna kaka mtu anayezungumza na mdogo wake aliyeondoka. Hamwambii "jikaze". Hamuahidi kwamba atapona. Anachokitangaza ni msimamo wake yeye mwenyewe: mimi nabaki hai, na woga hautaniamulia. Muziki nao unaanza kwa unyonge, kisha sauti zinaongezeka moja juu ya nyingine hadi inakuwa kama umati unaitikia. Mikey alirudi kabla albamu haijakamilika.

Mwaka 2008 wimbo ulipata mtihani mwingine. Nchini Uingereza, baada ya kifo cha msichana mmoja, gazeti la Daily Mail liliwaandika emo kama dhehebu la kuabudu kifo, na bendi hii ikatajwa. Mwezi Mei mashabiki waliandamana London kupinga. Bendi nayo ilitoa tamko kwamba inapinga ukatili na kujiua. Hofu ya wazazi naielewa. Mzazi akifiwa hutafuta sababu, na nguo nyeusi zinaonekana kirahisi kuliko sonona. Ila aliyeusikiliza wimbo huu mpaka mwisho angejua hauwaiti watoto kaburini. Kulitaja giza si sawa na kulisifu. Mtoto ambaye hajawahi kusikia mtu mzima akisema "na mimi niliwahi kufika huko" hubaki huko peke yake.

Sasa turudi kwenye lile jina. Bendi ilivunjika mwaka 2013. Mwaka 2014 Mikey alisema hadharani kwamba aliingia kituo cha matibabu kwa sababu ya pombe na dawa za kulevya. Yaani miaka minane baada ya wimbo, vita ilikuwa bado. Mwenye kejeli angesema: si tuliwaambia? Mimi naona jina lilikuwa kweli tangu mwanzo. Lilikiri kwamba kiapo cha mlevi anayeacha kinaweza kuvunjika kesho, kwa hiyo kesho kitaapwa tena. Anayejiona amemaliza ndiye aliye hatarini.

Desemba 2019 bendi ilirudi jukwaani Los Angeles, ndugu wawili wakiwa pamoja. Mikey alikuwa na besi yake begani, hai, akiwa karibu na miaka 40. Kwa wimbo ulioandikwa wakati hakuna aliyejua kama atarudi hata chumbani, hayo si matokeo madogo.